Simu isiyo na mlango wa kutokea: kisa cha karani wa kahawa, Moshi

Jumatatu moja ya msimu wa kahawa, mama mmoja aliingia kibandani kwangu jirani na stendi kuu ya Moshi, akaweka simu mezani kabla hata hajakaa. "Baba, hii simu nikishaingia mahali, sitoki."

Nikamwamkia, nikaichukua. Kioo kipya, kinang'aa, hakina hata mkwaruzo. Nikafungua kamera, nikagusa chini ya kioo pale penye alama ya kurudi. Kimya. Nikagusa ya katikati. Kimya. Nimebaki natazamana na sura yangu mwenyewe.

"Sasa mama umekuwa ukitokaje?"

"Naizima. Halafu naiwasha."

Alikuwa anaishi hivyo kwa wiki mbili. Akimaliza kusoma meseji na akitaka kikokotoo, anazima simu, anasubiri iwake, anaanza upya. Akitoka nyumbani asubuhi na chaji imejaa, saa saba mchana simu imekufa. Na si simu ya kuchezea. Mama huyu ni karani wa chama cha msingi cha ushirika huko juu Kibosho, na kwenye simu hiyo ndimo anamoandika kilo za kahawa kila mkulima anapofika kwenye mizani. Nitamwita Mama Karani.

Nimeamua kukiandika kisa hiki kirefu kwa sababu mafundi wengi, mimi nikiwa mmoja wao, tumezoea kulimaliza jambo hili kwa dakika tatu: batani za chini zimekufa, weka programu ya kuchora batani kwenye skrini, pokea elfu tatu, mteja anayefuata. Kwa Mama Karani nilifanya hivyo hivyo, na nikakosea mara tatu kwa mpigo mmoja.

Tuanze na kilichoua vitufe. Simu ilianguka, kioo kikapasuka, akaipeleka kwa fundi mmoja mjini akabadilishiwa. Simtaji fundi huyo, na kwa kweli kosa lake lilikuwa dogo kuliko langu. Kwenye simu za aina ile, zile alama tatu za chini hazina swichi chini yake. Ni tachi ile ile ya kioo, imerefushwa kidogo ikapita nje ya eneo la picha. Ukigusa pale, tachi inapeleka namba za mahali kidole kilipo, kama ambavyo ingefanya popote pengine. Ndani ya mfumo kuna faili dogo liitwalo virtualkeys lenye orodha ya visanduku: katikati yake ni hapa, upana huu, urefu huu, na mbele yake namba ya kitufe. Kwa hesabu za Linux, mfumo ulio kiini cha Android, 158 ni kurudi, 139 ni menyu, 172 ni nyumbani. Kidole kikitua ndani ya kisanduku, mfumo hauhesabu mguso, unahesabu kitufe.

Sasa leta kioo cha kuiga. Soketi inaingia, picha inatoka safi, kuandika hakuna shida, mteja anaondoka anafurahi. Lakini aliyekitengeneza amebana matumizi, waya za tachi zinaishia pale picha inapoishia. Nilihakikisha kwa kuwasha ile sehemu ya mipangilio ya wasanidi inayoandika namba za kidole juu ya skrini. Skrini ilikuwa ya nukta 720 kwa 1280. Nikateremsha kidole taratibu kutoka katikati: 900, 1100, 1250, 1279, halafu mstari ukakatika. Chini ya hapo ni kioo tu, hakuna tofauti na kioo cha dirisha.

Dawa ya kweli ilikuwa kioo sahihi. Modeli ilishaachwa kutengenezwa siku nyingi, Moshi hakipo, Arusha niliuliza kwa wawili hakipo, Kariakoo kuna mtu alisema "kipo" kwa ile sauti ambayo fundi yeyote anaijua maana yake. Na bei aliyoitaja ilikaribia bei ya simu yenyewe ikiwa mtumba.

Kwa nini basi simu yenyewe isichore vitufe kama simu nyingine? Android ilianza kuchora vitufe mwaka 2011, kwanza kwenye tableti kwa toleo la 3.0, halafu kwenye simu kwa toleo la 4.0 lililotoka na Galaxy Nexus mwishoni mwa mwaka huo. Watengenezaji wa simu wanadaiwa na Google jambo moja: kurudi, nyumbani na programu za karibuni vipatikane wakati wote. Viwe vya kubonyeza, vya kugusa chini ya kioo au vya kuchorwa, ni hiari yao. Mtengenezaji hujibu kiwandani, kwa neno moja tu ndani ya mfumo, ndiyo au hapana, na wengi wa simu za bei nafuu walijibu hapana ili skrini ndogo ibaki yote kwa mteja. Simu ya Mama Karani ilikuwa ya hapana. Haikujua kwamba vitufe vyake vimekufa, na haikuwa na namna ya kujua. Baadhi ya kampuni ziliweka swichi kwenye Mipangilio ya kubadilisha jibu hilo. Hii haikuwa nayo.

Kosa langu la dakika tatu

Nina kadi ya kumbukumbu yenye programu ninazowawekea watu. Humo mlikuwa na moja ya kuchora pau nyeusi chini ya skrini yenye vitufe vitatu. Nikaiweka, nikaingia sehemu ya Ufikivu (Accessibility) kwenye Mipangilio, nikaiwasha bila kusoma, nikairuhusu ichore juu ya programu nyingine. Pau ikatokea. Mama Karani akagusa cha katikati, akarudi mwanzo bila kuzima simu, akacheka kabisa. Akalipa, akawahi Hiace ya Kibosho.

Jumatano saa nne asubuhi akanipigia. Nyuma yake nasikia watu na kishindo cha magunia. "Baba, sifuri imepotea."

Ile programu yao ya kupimia ina ukurasa wenye namba kubwa, moja hadi tisa, na mstari wa mwisho kabisa chini ndiko iliko sifuri pembeni ya kitufe cha Hifadhi. Pau yangu ilikuwa imekalia mstari huo wote. Mzee ameleta kilo arobaini. Mama anagusa nne, anashuka kugusa sifuri, kumbe anagusa "nyumbani", anatupwa nje ya programu. Anarudi ndani, anakuta nne peke yake. Anagusa tena, anatupwa tena. Mara ya tatu mzee akamwuliza kama kilo zake zinaliwa na simu. Akatoa daftari.

Hapa ndipo tofauti inapoanza kuonekana, na sisi mafundi tunaipuuza kwa sababu kwa macho pau mbili hizi zinafanana. Pau ya mfumo wenyewe haikai juu ya programu. Inachukua kipande chake cha skrini kwanza, halafu programu inapewa kilichobaki na kuambiwa, jipange humo. Urefu wake wa kawaida ni vipimo 48 vya Android, ambavyo kwa skrini kama hii ni nukta 96, kwa rula karibu milimita saba na nusu. Programu ingepewa nukta 1184 badala ya 1280, ingepandisha namba zake juu kidogo, na sifuri ingeonekana. Pau ya kubandika haimwambii mtu kitu. Programu inaendelea kuamini ina skrini nzima, inachora sifuri yake pale pale, na mwenye simu anaona pau.

Nikamwambia aje nayo jioni. Alikuja na malalamiko mengine. Alitaka kutuma picha WhatsApp, ikaomba ruhusa ya kufungua picha, alipogusa "ruhusu" simu ikagoma na kumwandikia kwamba kuna kitu kimefunika skrini, akizime kwanza. Simu ilikuwa ya Android 6, na waliowahi kutumia toleo hilo wanaujua ujumbe huo mpaka kwenye ndoto. Hauna ubaya, ni ulinzi. Kama programu inaweza kuchora chochote juu ya skrini, inaweza kuchora "Endelea" juu ya kitufe ambacho kwa kweli kinasema "ruhusu kusoma meseji zangu". Kwa hiyo mfumo ukiona kuna kifuniko wakati wa kutoa ruhusa, unagoma kupokea jibu. Pau yangu ilikuwa kifuniko. Mfumo haukuwa na njia ya kujua kwamba nia yangu ilikuwa njema.

Kosa la tatu nililigundua mwenyewe, na bora hakuwepo mtu wa kuniona uso. Nilirudi kwenye ukurasa wa Ufikivu kuizima ile programu, safari hii nikasoma. Android huandika pale, kabla hujawasha, huduma hiyo itaweza kufanya nini. Ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza: itaona unachofanya, yaani itaarifiwa unapogusa programu. Huo huwa upo kwa kila huduma ya aina hii. Wa pili: itasoma maudhui ya dirisha ulilofungua.

Nikamwuliza, "Mama, kwenye simu hii unatumia huduma za fedha?" Akanitazama kama nimeuliza kama anakunywa maji. Yeye ni mweka hazina wa kikoba. Marejesho ya akina mama yanaingia na kutoka kwa laini hiyo hiyo, kwa ile menyu ya nyota mia moja hamsini nyota.

Fikiria menyu hiyo inavyofanya kazi. Kile kisanduku kinachotokea ni dirisha kama dirisha lolote. Unaandika namba ya simu, kiasi, halafu namba ya siri, na kwenye simu nyingi tarakimu za siri zinakaa wazi bila kufichwa kwa vidoti. Huduma yenye ruhusa ya kusoma dirisha inaona yote hayo. Sina ushahidi kwamba ile programu iliwahi kuiba kitu. Lakini ilikuwa ya bure, inaleta matangazo, maana yake inatumia intaneti, na mimi niliitoa kwenye kadi ambayo sikumbuki nani aliniwekea. Nilikuwa nimemweka mgeni nisiyemjua nyuma ya bega la mweka hazina, kwa elfu tatu.

Nikaiondoa mbele yake, nikamwambia abadilishe namba ya siri hapo hapo, nikamrudishia pesa yake. Hakuuliza sana. Alisema tu, "Kumbe."

Kitufe kinachobonyeza kwa niaba yako

Watu husema "programu ya kuchora batani", na jina hilo ndilo linalotupoteza. Kuchora ni kazi ya mtoto wa darasa la tatu. Kazi ni kubonyeza. Programu ya kawaida ya Android hairuhusiwi kubonyeza "kurudi" ndani ya programu nyingine. Ingeruhusiwa, mchezo wa watoto ungeweza kukufungia benki yako katikati ya muamala. Mlango uliopo ni huduma za ufikivu: tangu Android 4.1 ya mwaka 2012, huduma iliyowashwa na mwenye simu inaweza kuuomba mfumo urudi nyuma, uende nyumbani, ufungue programu za karibuni au uteremshe arifa.

Mlango huo ulitengenezwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Asiyeona asomewe skrini, asiyeweza kutumia vidole vizuri apate njia nyingine. Kwenye iPhone nako kile kiduara cheupe kinachoelea, AssistiveTouch, kilikuja mwaka 2011 kwa sababu hiyo hiyo, ingawa hapa mjini waliokiwasha karibu wote walikuwa watu walioogopa kuchosha kitufe cha nyumbani. Mwaka 2017 Google iliwaandikia watengenezaji wa programu kwamba programu zinazotumia mlango huo kwa mambo yasiyohusu ulemavu zitaondolewa dukani, yaani Play Store, kelele zikawa nyingi, mwezi uliofuata wakasitisha kwanza. Mimi nawaelewa Google na nawaelewa waliopiga kelele. Simu ambayo haina kitufe hata kimoja kinachofanya kazi, mwenye nayo ana ulemavu gani? Wa simu. Naye anahitaji kutoka.

Kwa hiyo safari ya pili nilitafuta programu kwa masharti. Iwe dukani kwa njia halali. Kwenye ukurasa wa Ufikivu ionyeshe ule mstari wa kwanza tu, usomaji wa dirisha usiwepo kabisa, kwa sababu kubonyeza "kurudi" hakuhitaji kusoma kitu. Kwenye orodha ya ruhusa zake isiwepo intaneti. Na isiombe ruhusa ya kuchora juu ya programu nyingine, kwa sababu tangu Android 5.1 mfumo una tabaka maalumu kwa huduma za ufikivu, na kilichochorwa humo hakihesabiwi kuwa kifuniko. Ilinichukua saa nzima na bando langu mwenyewe. Nilizipita kama kumi hivi, nyingi zilianguka kwenye intaneti, moja ikapita.

Hiyo haina pau. Ina doti moja, ukubwa wa punje ya mahindi, inakaa ukingoni mwa skrini na kufifia usipoigusa. Ukiigusa ni kurudi, ukiikandamiza ni nyumbani, ukiivuta ni programu za karibuni. Tukafungua ile programu ya kupimia, nikamwambia aigize kazi. Akaandika kilo arobaini, sifuri ikakubali. Akasogeza doti mwenyewe mpaka upande wa kushoto, juu kidogo ya katikati. Nikamwuliza kwa nini huko. "Mkono wa kulia nashikia peni."

Nilitaka kumwachia hapo. Kisha akauliza, "Na kutuma je?"

Kitufe ambacho hakimo

Programu yao iliandikwa zamani na kijana waliyemlipa, aliyeshahama mji. Inahifadhi kilo ndani ya simu, na mara moja kwa wiki karani anakwenda mahali penye mtandao mzuri, anabonyeza kitufe cha menyu, ile alama ya kushoto chini ya kioo, karatasi ndogo inapanda na neno "Tuma". Hakuna njia nyingine ya kulifikia neno hilo. Programu nyingi za enzi za Android 2 zilijengwa hivyo, kwa sababu simu zilikuwa na kitufe cha menyu. Vitufe vilipohamia kwenye skrini, Google ilikiondoa kitufe hicho, na kwa programu za zamani mfumo ukawa unaongeza vidoti vitatu pembeni ya pau. Lakini ni pau ya mfumo pekee inayoongeza. Simu ya Mama Karani iliamini bado ina kitufe cha menyu, hivyo haikuona sababu ya kuonyesha vidoti.

Na ile doti yangu? Orodha ya mambo ambayo huduma ya ufikivu inaweza kuuomba mfumo ina kurudi, nyumbani, karibuni, arifa. Menyu haimo. Nilijaribu kila mpangilio wa programu ile kabla sijakubali.

Kilo za wiki tatu zilikuwa zimekaa ndani. Kikao cha chama kilikuwa Ijumaa.

Suluhisho lilikuwa chini ya meza yangu, limejaa vumbi. Kibodi ya kompyuta ya zamani yenye waya wa USB. Kati ya Alt ya kulia na Ctrl kuna kile kitufe chenye picha ya karatasi yenye mistari, ambacho maisha yangu yote sijaona mtu akikibonyeza. Android inakisoma kuwa menyu. Esc inasomwa kuwa kurudi. Nikatafuta waya wa OTG, ule wa kuunganisha vifaa vya USB kwenye simu, nikachomeka, taa ya Num Lock ikawaka, maana yake simu imekubali kuilisha umeme, si zote hukubali. Tukafungua programu ya kupimia, nikamwachia yeye abonyeze. Karatasi ikapanda kutoka chini: Tuma, Futa, Kuhusu. Kabla hajagusa nikamshika mkono, kwanza tupige picha kila ukurasa wa daftari, halafu ndiyo Tuma. Mstari ukatembea taratibu, ukasimama katikati, nikasikia anavuta pumzi, ukaendelea. Akampigia mwenzake wa ofisini, akamsomea majumla matatu ya mwisho kutoka kwenye daftari. Yakafanana.

Alinunua waya ule. Kibodi nikampa, ilikuwa inakula nafasi tu. Kwa hiyo kila wiki karani wa kahawa alikuwa anapanda kwenye kilima chenye mtandao akiwa na simu, daftari na kibodi ya kompyuta ndani ya mfuko wa shangazi kaja. Siioni kama aibu. Inafanya kazi, na haisomi namba ya siri ya mtu.

Njia ambayo sikuichukua

Mafundi wenzangu watakaosoma watakuwa wameshapiga kelele: hariri build.prop! Najua. Kuna faili la mfumo lenye jina hilo, ukiongeza mstari mmoja, qemu.hw.mainkeys=0, simu inaambiwa haina vitufe vyake na inaanza kuchora pau ya mfumo. Mstari wenyewe asili yake ni simu za kuigizwa kwenye kompyuta. Kiufundi ndiyo dawa bora kuliko yote niliyoeleza. Pau inachukua nafasi yake kihalali, sifuri inapanda juu, vidoti vya menyu vinatokea kwa ile programu ya zamani, na hakuna programu ya mgeni inayobonyeza kwa niaba ya mtu.

Tatizo lilikuwa siku, si mbinu. Kuligusa faili hilo kwa kawaida kunahitaji kufungua butiloda, ile programu ya kwanza inayoiwasha simu na kuulinda mfumo, na kwenye simu nyingi kufungua butiloda kunafuta kila kitu ndani. Jumatatu ile humo ndani mlikuwa na kilo za wakulima za wiki tatu ambazo hazijatumwa. Fundi aliyezoea kuflashi, yaani kupakia mfumo upya, angeanza na hilo, nami kama ningekuwa na kompyuta yangu pale siku ile, badala ya nyumbani Pasua, sijui ningefanya nini. Baada ya kilo kutumwa, hesabu ilibadilika. Picha zingehamishwa kwenye kadi, meseji za kikoba zingenakiliwa. Faili lingeweza kuhaririwa kupitia rikava, ile menyu ya ukarabati iliyo nje ya mfumo, bila kuacha simu ikiwa imerutiwa, yaani imefunguliwa mamlaka yote, mradi ukumbuke kulirudishia ruhusa zake za faili, zile za 644, vinginevyo simu inawaka na kuzimika bila kufika popote. Na iwe simu isiyokagua mfumo wake inapowaka, maana nyingi zilizotoka kiwandani na Android 6 kwenda mbele hukagua.

Nilimweleza Mama Karani haya yote kwa lugha ya kawaida, na kwamba kuna hatari ndogo simu isirudi. Akasikiliza mpaka mwisho. "Ikiisha kahawa," akasema. Msimu wetu unafika mpaka Desemba hivi. Nikaona ana haki.

Kwa simu za sasa kisa kama hiki kimegeuka. Kioo kikipasuka chini, tachi ya chini inakufa, na vitufe vilivyochorwa vinakufa nayo kwa sababu havina pa kukimbilia. Kama simu ni ya Android 10 kuja juu, kabla hujaweka programu yoyote mwingize mteja kwenye usogezaji wa ishara. Kurudi kunakuwa kwa kuvuta kidole kutoka ukingo wa pembeni, ambako tachi kwa kawaida bado inaishi. Nyumbani kutamshinda kama kioo cha chini kimekufa kabisa, na doti itarudi kuwa na kazi. Tangu Android 13 ya mwaka 2022, programu iliyotoka kwenye kadi kama ile yangu haiwashwi tu kwenye Ufikivu. Mfumo unaizuia mpaka mwenye simu aingie mwenyewe kuifungulia. Kuna wenzangu wanaolaani usumbufu huo. Mimi nina sababu zangu za kunyamaza.

Lilibaki jambo moja dogo. Simu ile ina kibana chaji cha mtengenezaji wake, kikali kama mgambo, na kila baada ya siku kadhaa kiliiua ile doti. Niliiondoa kwenye orodha ya kubanwa, haikutosha. Doti ikitoweka, Mama Karani yuko tena ndani ya chumba kisicho na mlango, na dawa iko kwenye Mipangilio, ambako hawezi kufika bila mlango. Njia ipo: vuta pazia la arifa kutoka juu, gusa alama ya gurudumu, teremka hadi Ufikivu, gusa jina la programu, washa. Hatua tano. Nikaziandika kwa peni kwenye kipande cha plasta nyeupe, nikakibandika nyuma ya simu.

Alirudi mwezi uliofuata kununua waya wa chaji. Nikaigeuza simu kuangalia plasta yangu kama bado inasomeka. Alikuwa amezikata hatua zote tano kwa mstari mmoja, na chini yake kaandika kwa biro ya bluu, kwa mwandiko wake wa kikarani: ZIMA. WASHA.